Zege la Wageni

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha kazi. Mafundi wanamwita Timazi, kwa sababu anaweza kutazama ukuta kwa jicho tupu akakwambia umepinda upande gani. Baba alipofariki, Kaka alikuwa na miaka kumi na saba. Akaacha shule ili mimi nisiache. Alikuja kuwa msimamizi wa mafundi, mimi nikawa chini yake, na mama yetu akaishi kwake. Wodi mpya ya wazazi, ghorofa tatu, ilikuwa kazi yetu kubwa kuliko zote.

Mimi nilishughulika na sampuli. Kila siku ya kumwaga zege unachota kidogo, unajaza kalibu za chuma, na kesho yake unatoa vipande vya mchemraba na kuvilaza kwenye pipa la maji. Baada ya siku saba baadhi vinakwenda maabara kupasuliwa kwa mashine. Vilivyobaki vinangoja siku ishirini na nane. Mashine inaonyesha vimehimili uzito kiasi gani, na injinia anaamini kwamba nguzo nazo ziko hivyohivyo.

Lakini sampuli zetu hazikutoka kwenye zege la nguzo. Kaka alikuwa na karai lake pembeni, saruji tele, maji kidogo. Mafundi waliliita zege la wageni.

"Mgeni apikiwe vizuri," alisema mpiga koleo mmoja. "Sisi wenyeji tuna ukoko wetu."

Tulicheka wote, na mimi nikiwemo. Mara kumi na moja nilijaza kalibu kutoka kwenye lile karai, na mara kumi na moja niliandika kwa rangi nyekundu kwamba ni zege la nguzo.

Siku moja tulipobandua mbao za nguzo ya kona, niliona ukingo umemeguka. Nikausugua kwa kidole gumba. Zege la wiki mbili lilimomonyoka kama biskuti iliyoingia maji. Ng'ambo ya uzio ilikuwa wodi ya zamani, na wajawazito walikaa kwenye benchi, wengine wameshika viuno. Mmoja wao aliniita.

"Fundi, mnatuhamishia lini? Humu tunalala wawili wawili."

"Karibuni tu, dada," nilimjibu, nikainama kama ninayetafuta kitu chini.

Asubuhi iliyofuata nilipiga magoti nyuma ya stoo ya saruji. Njia nilikuwa naiona. Nilimwomba Mungu miguu ya kuipita. Siku hiyo tulimwaga nguzo za ghorofa ya pili. Nililipita karai la Kaka, nikachota kwenye toroli iliyokuwa inakwenda kwenye nguzo.

Siku ya nane Kaka alinikuta nikipaka kalibu mafuta. Alikuwa na karatasi ya maabara.

"Tisa," alisema. "Kwa siku saba tunatakiwa tufike nguvu ya kumi na saba, wao wameandika tisa. Ulichota wapi?"

"Kwenye toroli."

Alikaa juu ya tofali. Hakunitukana, na ingekuwa nafuu kama angenitukana.

"Unadhani napenda? Mwenye kampuni analeta saruji nusu ya inayotakiwa. Nikigoma, kesho analeta Timazi mwingine. Mama atakula nini?"

"Na wale kina mama ng'ambo pale?"

"Usinihubirie, mdogo wangu. Ulisoma kwa mgongo wangu." Sauti yake ikalegea. "Injinia anakuja saa nne. Mwambie ulisahau kushindilia. Basi. Kosa la kawaida, atakukaripia na tutarudia. Tangu uzaliwe, nimewahi kukuomba kitu?"

Hakuwahi. Nilirudia hesabu hiyo kichwani mpaka saa nne ilipofika, na kila mara jibu lilikuwa lilelile.

Injinia alikuwa mama wa maneno machache, viatu vyake vimejaa tope. Alitusimamisha wote wawili kando ya pipa.

"Hivi vimepasuka upesi mno," aliniambia. "Ulivishindilia?"

Kaka alitazama chini. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni, na jua lilikuwa bado halijawa kali.

"Nilivishindilia, mama. Mara thelathini na tano kila tabaka. Hivi ndivyo vya kweli. Vilivyotangulia ndivyo vya uongo, na niliviandika mimi."

"Mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Nani alikuagiza?"

Kwa swali hilo sikuwa nimejiandaa.

"Mimi," alisema Kaka.

Kazi ilisimamishwa siku hiyohiyo. Nguzo zilitobolewa, zikapimwa, na ikaamuliwa jengo libomolewe mpaka kwenye msingi. Mwenye kampuni alisema hakujua lolote. Karatasi zote zina sahihi ya Kaka na mwandiko wangu. Kaka yuko rumande, akingoja kesi. Mimi nitatoa ushahidi, kisha nitajibu la kwangu. Hakuna anayenipa kazi. Wengine wananiita msaliti, wengine mghushi, nami siwezi kubishana na yeyote kati yao. Wodi ya zamani bado wanalala wawili wawili, na sasa wengine wanatandika chini.

Mama amehamia kwangu. Ananipikia, ananiitikia salamu, anauliza kama nimeshiba. Zamani tulisali pamoja kabla ya kula. Sasa anasali peke yake chumbani. Jana nilisimama mlangoni nikamsikia akimwombea Kaka, afya yake, usingizi wake, hakimu atakayemsikiliza. Akawaombea wajukuu, akawaombea majirani. Kisha akanyamaza. Nilisubiri.

Akasema amina, akainuka, akapita mbele yangu kwenda kuosha vyombo.