Mstari wa Kitinda

Mama Uzi alikaa kwenye benchi la ofisi ya vibali tangu mlango ulipofunguliwa, sindano mbili bado zimechomekwa kwenye kifua cha blauzi yake. Cherehani alikuwa ameiacha na suruali ya mteja chini ya sindano yake, haijapindwa hata upande mmoja. Yote kwa sababu ya askari aliyepita jana akatangaza kwamba muziki wa uani ni marufuku mpaka uwe na kibali. Muziki ambao marehemu mumewe aliuanzisha kabla huyo askari hajaota meno!

Siku nyingine angecheka tu. Lakini kesho alfajiri mwanawe wa mwisho, Kitinda, alikuwa anakwenda kutafuta kazi nchi za watu. Na pale uani wana mila yao: wimbo wao wa Jumamosi una mstari mmoja kwa kila mtu. Mtoto akizaliwa hupewa wake, mpangaji mgeni hutungiwa wake. Anayesafiri humkabidhi mwenzake mstari amtunzie mpaka arudi. Huuimba, mwenzake akaurudia, basi, umeshatunzwa.

Mama aliomba Mungu Kitinda amkabidhi kaka yake, mchomelea vyuma. Ndugu hao hawakuwa wamesemezana tangu msiba wa baba yao. Kitinda alimuuguza mzee peke yake, akamlisha, akamgeuza kitandani. Kaka mtu alifika kaburi limeshafukiwa, wala hakujieleza. Wakiachana hivi hivi, nani atawapatanisha?

"Mama, kibali hakitoki kabla ya ukaguzi wa kelele," afisa alisema, macho kwenye simu.

"Basi njoo ukague, mwanangu. Jioni tunapiga."

"Gari la ukaguzi halina mafuta. Na mkipiga bila kibali, vyombo vinachukuliwa."

"Kwa hiyo tusipige mpaka mkague, na hamkagui mpaka tupige?"

Afisa akakuna kidevu. "Ndio utaratibu."

Mama Uzi akachomoa sindano moja kifuani, akaichomeka tena. "Na mkaguzi mwenyewe ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe uliyekaa hapo?"

"Mimi hapa."

"Haya, usiondoke. Kelele nakuletea."

Akaazima simu kwa mwenzake wa foleni, akawaita. Kabla ofisi haijafungwa, ua mzima ulikuwa umejaa kwenye korido: wapangaji, wajukuu, hadi muuza mkaa na masizi yake. Kaka mtu alikuja na gitaa upande huu wa barabara, Kitinda na ngoma upande ule. Wakasimama ubavu kwa ubavu, kila mmoja akitazama ukuta wake.

"Fanyeni haraka," afisa alisema. "Nyumbani wananisubiri."

Wakaanza. Korido ilivuma mpaka makarani wakatoka na vikombe vyao. Kila mtu aliimba mstari wake, na watu wa foleni wakapiga makofi, maana tangu asubuhi hakuna aliyewahudumia kwa chochote. Ukafika mstari wa marehemu. Huo hauimbwi, gitaa hupita peke yake. Leo gitaa halikupita. Vidole vya kaka mtu viliganda kwenye nyuzi. Ngoma ikaendelea chinichini, ikimngojea.

"Niliomba ruhusa," kaka mtu alisema, kwa sauti ya kusikiwa na mdogo wake na mama tu. "Bosi akaniambia nikitoka nisirudi. Nikaogopa, Kitinda. Nikabaki nachomelea geti la mtu huku baba anakata roho."

"Mbona hukusema?"

"Ningeanzaje?"

Kitinda aliendelea kupiga ngoma. Machozi yalimtiririka, hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Kisha akauimba mstari wake, mwanzo mpaka mwisho, akamgeukia kaka yake.

Kaka mtu hajui kuimba. Tangu utoto alipewa gitaa ili anyamaze, hata mstari wake mwenyewe huupiga kwa nyuzi. Akaurudia hivyo hivyo, kwa sauti ya kukwaruza, akipotea mahadhi hapa na pale, na Kitinda akacheka huku analia. "Jamani, utauua kabla sijarudi!"

Mama Uzi alikaa chini palepale sakafuni. Akapiga kigelegele.

Mguu wa afisa ulikuwa ukicheza chini ya meza. Akautuliza, akakohoa, akagonga muhuri.

"Ombi limekataliwa. Kelele zimezidi kiwango. Nisamehe mama, korido inavuma, lakini kipimo ni hicho. Unaweza kukata rufaa."

"Rufaa inasikilizwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Kwa kukaguliwa upya?"

"Ndio utaratibu."

Mama Uzi akainuka, akajifuta vumbi, akamshika mkono mwanawe mkubwa.

"Basi Jumamosi ijayo ongezeni mabenchi," alisema. "Na huyu mumzoee. Sasa ana mistari miwili."