Ahirisho la Mzee Kesho

Mahakama nzima ilimwita Mzee Kesho, na jina halikumkaa bure. Kwa miaka thelathini ya uwakili alikuwa bingwa wa kuomba ahirisho: leo faili halionekani, wiki ijayo shahidi ana mafua. Mvivu hakuwa, tusimsingizie. Alitaka kujiandaa mpaka aridhike, na hakuwahi kuridhika.

Basi chama cha mawakili kilipomkumbusha kwamba mwisho wa mwezi awe amemaliza mafunzo ya lazima ya kila mwaka, alifanya alichozoea. Aliandika barua, akaigonga muhuri: "Naomba shauri hili liahirishwe." Jibu lilikuja Jumatatu asubuhi, mwezi umeshakwisha, mstari mmoja tu. Leseni imesimamishwa mpaka amalize mafunzo.

Na Jumatatu hiyohiyo, saa nne, ilikuwa kesi ya fundi cherehani, mama mjane ambaye shemeji yake alikitia kufuli chumba chake cha kushonea. Mwaka wa nne huo anashonea barazani.

"Utasimama wewe," Mzee Kesho alimwambia binti yake, wakili mwenzake ofisini, akimvika joho lake mwenyewe. "Ukibanwa, omba ahirisho."

"Baba, kaa utulie."

Akakaa benchi la nyuma, pamoja na raia. Binti alisimama, joho likimpwaya, akatoa hati ya chumba na kumuuliza shemeji mtu maswali mawili.

"Jina lililoandikwa hapa ni la nani?"

"La shemeji yangu, huyu fundi."

"Na kufuli ni la nani?"

Shemeji akaangalia viatu vyake. "Langu."

Kabla ya saa tano hakimu alikuwa ameshaamuru kufuli litolewe siku hiyohiyo. Mzee Kesho aliona haya, maana hati ile ilikuwa kwenye faili lake tangu mwaka wa kwanza. Kisha furaha ikamjaa, haya zikakosa pa kukaa.

Nje, fundi alimshika mzee mkono. "Wakili, hayo mafunzo ni ya muda gani?"

"Wiki mbili."

"Usiyaharakishe, baba. Mwachie mtoto kazi."

Wote watatu wakacheka, mzee zaidi ya wote.

"Sasa unaanza lini?" binti aliuliza akilikunja joho.

"Leo," alisema Mzee Kesho.

Binti akamwomba arudie, maana neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwa baba yake.