Mvumo Chini ya Gitaa ya Wagaki

Baada ya chai ya saa nne, Wagaki alichomeka waya wa gitaa yake ya umeme kwenye kisanduku kilichokaa kando ya kompyuta, akafungua ile programu ya bure ya kurekodia, akabonyeza kitufe chekundu. Alikuwa amestaafu kushona mashati kule kwenye viwanda vya EPZ, Athi River, na vidole vilivyozoea cherehani sasa vilikuwa vinazoea nyuzi. Mwanawe Wambugu alikuwa anamwoa Mbula wa Kathiani, na Wagaki alikuwa ameahidi kwamba bibi harusi ataingia kanisani kwa wimbo uliopigwa na mama mkwe mwenyewe. Wakwe walikuwa wamecheka kwa adabu. Kwa hiyo wimbo ulipaswa kuwa safi.

Haukuwa safi. Chini ya gitaa kulikuwa na mvumo usiokatika, hata pale alipotulia bila kugusa uzi. Alibadilisha waya. Akazima friji. Akahamisha kompyuta kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Mvumo ukabaki. Mwishowe akamwita jirani yake Khadija, aliyekuwa akikaanga sambusa barazani, akamvisha vipokea sauti vya masikioni.

"Hayo ni maji, Mama Wambugu," Khadija alisema, akavivua, akarudi kugeuza sambusa zake zisiungue.

Katika ploti ile ya nyumba za kupanga mjini Machakos mifereji ilikuwa mikavu miaka na miaka, na maji yaliletwa kwa mkokoteni. Wagaki akaona kwamba kama maji yapo, hata kwenye rekodi tu, si vibaya kuyasikia vizuri. Akauongezea mvumo sauti, akaucheza kwenye spika. Mfereji wa jikoni ukakohoa, ukatema kutu, kisha ukatoa maji. Aliposimamisha wimbo, maji yakasimama. Alipoucheza tena, yakarudi. Akaosha vyombo.

Kufikia adhuhuri nyumba zote za ploti zilikuwa zinachota. Watu waliuliza jambo moja tu, kwamba wimbo una urefu gani, na kwa kuwa ulikuwa mfupi, Wagaki aliuweka ujirudie wenyewe.

Othman, mume wa Khadija, ndiye aliyetaka kujua yanatoka wapi. Alivaa vipokea sauti, na Wagaki akazunguka uani na gitaa, waya mrefu ukimfuata kama mbuzi aliyefungwa. Mvumo ulizidi kila walipoukaribia ua wa nyuma, ambako Titus alikuwa na mahali pa kuosha magari, na malori yaliyotoka Kyumbi yaliogeshwa kutwa nzima. Wakachimba kidogo. Bomba la ploti lilikuwa limekatwa na kuelekezwa kwa Titus, kwa kazi nzuri sana ya fundi.

Titus hakukana. Aliwavutia viti, akaagiza soda, akaeleza kwamba bomba alilikuta hivyo, na haingekuwa vizuri kusumbua kitu ambacho kimeshazoea mahali pake. Wakanywa soda, wakashukuru. Kwenye ofisi ya maji karani aliangalia ramani na kusema kwamba kwenye ramani bomba linaingia katika ploti, kwa hivyo maji yanaingia katika ploti. Othman akamweleza kwamba siku hizi yanakuja kwa gitaa. Karani akasema basi yanafika.

Harusi ilipokaribia, Wagaki alirudi kwenye kazi yake. Aliifundisha programu sauti ya mvumo, akaiambia iufute kote. Ikaufuta. Kilichobaki kilikuwa gitaa peke yake, kila uzi ukisikika ulipoanza na ulipoishia. Maisha yake yote alikuwa ameshona mashati yenye majina ya watu wa mbali kwenye kola. Hiki kilikuwa chake.

Khadija akatokea mlangoni, mtandio mkononi.

"Mama Wambugu, niko na sabuni kichwani."

Hakusema kwa hasira. Wagaki alimwomba avumilie kidogo, akajaribu kuhifadhi nakala mbili, moja safi ya harusi na moja ya ploti. Maji yakakataa. Mradi ile safi ipo, ile nyingine ilikuwa kelele tu, haikuvuta maji. Basi akaisikiliza ile safi hadi mwisho, Khadija naye akiisikiliza, povu likimshuka shingoni.

"Ni tamu," Khadija alisema.

"Najua," Wagaki akajibu, akabonyeza kitufe cha kutendua, mvumo ukarudi.

Kule Kathiani, Mbula aliingia kanisani na mvumo wote. Mfereji wa nje, ambao watu waliutundikia makoti, ulifunguka wenyewe, na akina mama wakatoka na mabeseni bila kukosa hatua ya densi. Mama yake Mbula alimwinamia Wagaki sikioni, akamwambia kwamba huu wimbo uko na kitu. Kisha wazee wa kanisa wakamwomba bibi harusi atoke aingie tena, kwa sababu tangi la kanisa lilikuwa limejaa nusu tu. Mbula alitoka akaingia, akicheka, hadi likajaa, na Wagaki alicheza mpaka kiatu kikakatika.

Wiki iliyofuata Titus alipita kusalimia. Aliomba kwa upole sauti ipunguzwe asubuhi, maana nguvu ya maji kwake inashuka na malori yanapanga foleni. Wagaki akaipunguza kidogo. Bomba likabaki lilivyo. Ofisi ya maji nayo iliiondoa ploti kwenye sehemu zinazongoja kutengenezewa, kwa kuwa maji yanafika.

Jumamosi Wagaki alichomeka waya, akaanza wimbo wa pili, mrefu zaidi, kwa sababu Khadija alikuwa na mablanketi ya kufua.