Kengele ya Mama Bella

Mimi ni fundi, na fundi mwenye heshima ya kijinga ni hatari kuliko mwizi. Mwizi angeacha hata mayai mawili.

Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, niligeuza friji bovu kuwa mashine ya kutotolesha vifaranga. Niliifungia swichi ya joto ya elektroniki niliyoipata sokoni Chilinde, swichi yenye njia mbili. Ya kwanza niliipangia balbu: joto likishuka chini ya thelathini na saba ziwake, likifika thelathini na nane zizime. Ya pili niliipangia kengele yenye betri yake ya sola. Swichi huizuia isilie. Joto likiharibika au umeme ukikatika, inaiachilia, nayo inapiga kelele. Mtaa mzima ulinitukana kwa hiyo kengele, nami nikawacheka.

Wiki ya tatu ya mayai, mume wa jirani yangu Capitoline, tunayemwita Mama Bella, akafia hospitalini Lilongwe. Waombolezaji wakajaa uani. Kuku wote wa Mama Bella wakachinjwa, maana mgeni wa kilio hashibi maneno. Mbegu ya kuku wale ikabaki mayai arobaini ndani ya friji langu, yamebakiza siku mbili tu yaanguliwe.

Umeme ukakatika wakati wa sala, kengele ikalia katikati ya wimbo. Mzee Hatungimana, aliyeongoza sala, alitoka akanitazama kwa jicho kali. Niliona aibu sana. Umeme uliporudi nikabonyeza vitufe, nikaigeuza njia ya pili: sasa kengele ikae kimya mpaka swichi yenyewe iiwashe joto likiharibika. Nilijua kabisa kwamba swichi isiyo na umeme haiwashi kitu. Maiti haiiti mtu. Nikajiambia nipo, nitalinda kwa macho.

Kesho yake asubuhi wanaume wakanichagua kwenda Lilongwe kuuchukua mwili. Nani anakataa safari kama ile? Mke wangu Rosette alikuwa kwenye masufuria ya kilio. Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikaenda.

Tulirudi saa kumi na moja jioni. Taa ya mlangoni pangu, ambayo siizimi mchana wala usiku, ilikuwa imezimika. Nikaliacha jeneza mikononi mwa wenzangu, Mungu anisamehe, nikakimbia. Mwezi wa sita baridi ya hapa haina huruma. Mayai yalikuwa baridi kama mawe ya kisimani. Nikajaza chupa maji ya moto, nikazipanga katikati yao. Nikayamulika moja moja kwa simu. Jana vifaranga walikuwa wakirukaruka ndani. Sasa vivuli vilitulia tu. Niliyapulizia, niliomba kwa sauti kama mwendawazimu. Hakuna hata mmoja aliyejitikisa.

Mama Bella akaingia, kitambaa cha kilio kichwani.

"Gakiza, umeme ilienda tangu asubui. Niliona taa yako imezima."

"Na haukuita mutu, mama?"

"Niite mutu ya nini? Kengele haikulia. Bantu banalia, mi nasikilizia kengele. Nikajiambia: inanyamaza, basi batoto ya kuku iko muzuri."

Nilitamani ardhi inimeze. "Mi njo niliinyamazisha, mama. Sababu ya kilio yako. Nilikuwa nakuheshimu."

Alichukua yai moja, akaliweka shavuni. Siku tatu zote hakuwa ametoa chozi, na hata sasa macho yake yalikuwa makavu.

"Ungeniuliza," akasema. "Jana kwa sala, kelele yako njo kitu moja tu nilisikia. Nikasema, kumbe kuko kitu ingali yangu."

Hapo umeme ukarudi. Balbu zikawaka. Swichi ikaamka, ikakuta baridi, ikaiwasha kengele kama nilivyoiagiza. Nikaruka kuizima.

Mama Bella akanishika mkono. "Acha ilie," akasema, naye akaanza kulia.