Sufuria ya Mpini wa Bluu

"Fungua friji," mama aliamuru. "Nisomee kilichomo."

Kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni ilikuwa hivyo. Ni miaka miwili sasa mama anafanya kazi ya kumtunza bibi mgonjwa katika nchi ya mbali, na miaka yote hiyo anatupikia kwa simu. Naiegemeza simu kwenye kopo la sukari, yeye anataja, mikono yangu inatii.

"Kitunguu kimoja. Nyanya tatu, moja imechoka. Karoti. Kopo la samaki. Na kipande cha jibini kigumu kama sabuni ya mche."

"Tambi?"

"Nusu pakiti."

"Hiyo ni karamu. Chemsha maji, Kifungo."

Kifungo ni mimi. Nilizaliwa kadogo mno. Leo nina miaka ishirini na sita na cherehani yangu mwenyewe, lakini kwa mama bado napita kwenye tundu la shati.

Lakini Ijumaa hiyo haikuwa kama nyingine. Watoto wa yule bibi walikuwa wamempa mama mkataba mwingine wa miaka miwili, na kesho ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuurudisha ukiwa na saini yake. Baba na mimi tulikubaliana tusimsihi. "Aamue mwenyewe," baba alisema, kisha akajikalia sebuleni na saa ya mteja aliyokuwa akiitengeneza, akajifanya kiziwi.

"Chukua ile sufuria ya mpini wa bluu. Ndiyo saizi ya tambi."

"Nimeichukua," nilijibu, mkononi nimeshika nyeusi isiyo na mfuniko.

Sufuria ya mpini wa bluu ilitoboka mwaka jana. Sikumwambia. Wala sikumwambia kwamba mwiko wake ulipasuka, kwamba kichujio kiliazimwa na jirani aliyehama nacho, kwamba rafu ya viungo niliishusha kwa sababu siifikii. Niliogopa atadhani tunaibomoa nyumba nyuma ya mgongo wake. Basi kila Ijumaa alipika katika jiko lililobaki kichwani mwake, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo.

"Maji yakitokota, chumvi. Tambi ziingie nzima, usizivunje kama kuni. Pembeni kaanga kitunguu kilegee, kisha nyanya, ile iliyochoka itangulie. Karoti ikwangulie humo humo. Samaki mwisho, asisambaratike. Ukikosa samaki, yai. Ukikosa yai, majani yoyote. Tambi hazina kiburi."

"Ndiyo, mama."

"Kabla ya kuchuja, chota kikombe cha maji yake. Hayo ndiyo yatakayoushika mchuzi. Kichujio kiko nyuma ya mlango."

"Nakiona," nikasema. Nilichota kikombe, nikaziba mdomo wa sufuria kwa sahani, nikainamisha. Mvuke ukanipiga vidoleni. Nikapiga ukelele, sahani ikaanguka, na nusu ya tambi zikateleza kwenye sinki.

"Nini hicho?"

"Hakuna kitu, mama. Kila kitu kiko sawa."

"Sawa wapi?" baba alinguruma kutoka sebuleni. "Kichujio hakipo mwaka mzima! Na hiyo sufuria unayoitaja tulishaizika!"

Nilisikia pumzi ya mama na, nyuma yake, yule bibi akikohoa.

"Kifungo. Umeungua?"

"Vidole tu."

"Viweke kwenye maji baridi." Akangoja mpaka aliposikia bomba. "Kila wiki unaniambia kila kitu kiko sawa. Nikawa naitazama hii karatasi, najiambia wenzangu wamezoea. Nikirudi nitakuwa mgeni wa kuonyeshwa vijiko viko wapi."

Tulikubaliana tusimsihi. Lakini maneno yakanitoka.

"Mama, mpaka leo napima tambi za watu watatu. Zinazobaki baba anazila asubuhi, anasingizia njaa."

Sebuleni, bisibisi ya baba iliacha kukwaruza.

"Taja," mama alisema hatimaye.

"Nitaje nini?"

"Vilivyokufa. Naandika."

"Unaandika wapi?"

"Nyuma ya huu mkataba. Karatasi nyingine sina."

Nilishika ukingo wa sinki. "Sufuria," nikasema. "Kichujio. Mwiko."

Baba aliingia jikoni, lenzi bado jichoni. "Kiti chako, mguu mmoja. Na goti langu la kushoto."

"Goti hawauzi huku, mzee wangu. Hilo nitakuja kulikanda mwenyewe."

"Lini?" Sauti ile ya baba sikuwa nimeisikia tangu mama aondoke.

"Wiki sita, mkataba wa zamani uishe. Haya, ziokoeni hizo tambi kabla hazijawa gundi."

Tukaziokoa zilizobaki, nikamimina kikombe cha maji, mchuzi ukashika. Zilikuwa chache, hata wawili tusingeshiba. Baba alitoa sahani tatu hata hivyo. Ya tatu akaipangusa kwa shati lake, akaiweka mbele ya simu.

"Wiki sita," alisema akivua lenzi. "Kwa fundi saa, hizo ni nyingi mno."