Pancha Isiyotoa Povu

Mzee Zaidi, fundi wa pancha, alikuwa mbishi, na ubishi wake Kibiti nzima waliujua. Binti yake Maimuna alikuwa amefika kutoka Mbagala kumchukua wakaishi pamoja, na mzee alimjibu neno lile lile la kila mwaka: "Siku pancha itakaponishinda, nitafunga banda twende. Kabla ya hapo, weye rudi kwako salama."

Basi asubuhi hiyo gari likaegeshwa mbele ya banda. Loo, gari! Tumbo linataka kulamba lami, matairi mapana, ubavu mfupi wa vidole vitatu. Matairi ya mbio hayo. Dereva, kijana aitwaye Faraji, alikuwa anawahi harusi Kilwa.

"Shikamoo mzee. Hili la nyuma linapungua upepo tangu Dar. Nimesimama Vikindu, nimesimama Mkuranga, mafundi wote hawaoni tundu."

"Marahaba. Mafundi gani hao? Lilete hapa!"

Akalifungua, akalizamisha kwenye pipa la maji, akalizungusha. Povu hakuna. Akapaka sabuni. Hakuna. Au lilikuwepo, ila macho yake siku hizi yana ukungu, na hilo hakutaka Maimuna alijue. Maimuna alikuwa kwenye benchi, anamtazama anavyohangaika.

Zamani hata asingehangaika. Jamani, zamani! Daraja halijajengwa, magari yanasubiri pantoni ya kuvuka mto kule Ndundu, barabara mchanga mtupu, na kila lori likifika lina pancha yake. Mkewe Mwanamina alikuwa akikaanga mihogo papo hapo bandani. Tundu likiwashinda wanaume, Zaidi humwita. Mwanamke huyo atakuja na mikono yake ya unga, atalowesha shavu kwa maji, atafumba macho, kisha atalipitisha shavu pembeni ya tairi polepole mpaka upepo umguse. "Hapa, mume wangu," atasema, halafu atawacheka wote. Zaidi alikitamani kicheko kile. Huu mwaka wa tatu Mwanamina yu kaburini.

Akageuza tairi upande wa pili. Lori likapita, likawatimulia vumbi. Akainua kichwa.

"Mwanamina! Hebu njoo huku!"

Mazoea yana taabu. Faraji akageuka kumtafuta huyo aliyeitwa. Mzee akainamia tairi kwa aibu.

Maimuna akainuka. Akachota maji, akalowesha shavu, akapiga magoti, akafumba macho. Hakuna aliyepata kumfundisha. Akazunguka nusu ya tairi, akasimama.

"Hapa, baba."

Zaidi akapapasa. Mpasuko mwembamba, ubavuni kabisa.

"La kuvunda halina ubani," akamwambia Faraji. "Ubavu hauzibwi, mwanangu, sembuse tairi la mbio. Likipata moto litapasuka. Funga la akiba, uende mdogo mdogo."

"Mzee, na kile kitairi chembamba nitaingiaje harusini?"

"Utaingia mzima!"

Faraji alinuna, lakini alifunga tairi la akiba, akaaga, akaondoka taratibu. Maimuna akarudi kwenye benchi, akajifuta mikono kwa kanga.

"Haya, baba. Tundu limepatikana, pancha haikukushinda. Umeshinda weye, nami neno lako naliheshimu. Kesho narudi peke yangu."

Mzee alikaa kwenye benchi pembeni yake, akamtazama shavu lile lenye maji bado.

"Unajua kwa nini nilikuwa mbishi?" akasema. "Niliogopa kumwacha mama yako. Niliona nikiondoka hapa nitampoteza mara ya pili."

"Najua, baba."

"Hujui kitu." Akacheka huku machozi yanamtoka. "Kumbe alishahamia kwako Mbagala, na miye nimebaki huku namwita."