Fungu la Wageni

Mtaani walimwita Bwana Stoo, na jina hilo halikumkera hata kidogo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza stoo wa karakana, nyuma ya dirisha dogo lenye nondo, akitoa misumari, rangi na balbu kwa watu wenye karatasi iliyosainiwa. Ukija bila karatasi, hata uwe mkuu wa karakana, unarudi mikono mitupu. Na siku za kuhesabu mali dirisha lilifungwa kabisa. Aliye nje alibisha mpaka mkono ukamuuma, naye Bwana Stoo yumo mle ndani, anamsikia, anaendelea kuhesabu. Watu walimtukana, kisha wakamheshimu, maana siku aliyostaafu haukupungua hata msumari mmoja.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimpa pensheni na nyumba ya kuendesha, unategemea nini?

Tumtendee haki lakini. Hakuanza kwa ubahili. Kiinua mgongo chake kilipotoka, ndugu wa karibu na wa mbali walimiminika kama kumbikumbi, kila mmoja na shida yake, na nyumbani hakukuwa na fomu wala dirisha la kumsaidia kusema hapana. Mwaka haukuisha, pesa zikaisha. Ikafuata miezi ambayo pensheni ilikata kabla mwezi haujafika nusu, na mkewe, ambaye yeye alimwita Mama Watoto ingawa watoto walishaota mvi, akawa anakwenda kwa jirani na bakuli mkononi kuomba unga. Jirani huyo alikuwa fundi cherehani, mwanamke ambaye ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Alitoa unga bila neno. Neno hakusema, ila macho yalisema, na Mama Watoto alirudi jikoni kwake akalia. Siku hiyo Bwana Stoo aliapa kwamba mkewe hataomba tena.

Ndipo likaanza daftari. Pensheni ikigusa mkono tu, inagawanywa: fungu la chakula, fungu la maji na umeme, la dawa, la sabuni, la simu, na la wageni. Kila jioni Mama Watoto anataja kilichotumika, mumewe anaandika kwa mwandiko wake mzuri wa stoo. Fungu likiisha limeisha, hakuna kuchukua pesa ya dawa kununulia nyama. Walijifunza kupika mara moja wakala mara mbili. Waliwasha taa ya chumba walichokaa tu, na wakihamia chumba kingine taa inahama nao. Jikune unapofika, alikuwa akisema, na mkewe akajibu kwamba siku hizi mkono haufiki hata mgongoni. Walicheka. Na mpango ukafanya kazi, kwa sababu bakuli lile halikutoka tena nje ya mlango. Wengine waliwaita mkono wa birika, lakini wao walikuwa na fahari, na ile fahari walistahili.

Shida ilikuwa fungu la wageni, kwa maana mgeni haji kwa bajeti. Chai ya huyu, soda ya yule, wali wa yule wa tatu aliyefika saa ya chakula kwa bahati tu kama kawaida yake, na wiki ya mwisho ya mwezi fungu limebaki jina. Bwana Stoo alilifikiria jambo hili kama alivyofikiria mambo ya kazini. Dawa yake akaikuta palepale kazini: fungu likiisha, dirisha linafungwa.

Utaratibu ulikuwa hivi. Asubuhi kufuli kubwa linaning'inizwa mlango wa mbele, kwa nje, kama la watu waliosafiri. Wenyewe wanaingia na kutoka kwa mlango wa jikoni, uani. Hodi ikisikika, simu zinazimwa, na wote wawili wanakwenda kukaa kitandani, kwa sababu viti vya sebuleni vilikuwa na kelele. Wa kwanza kukutana na kufuli hilo alikuwa binamu wa Mama Watoto, yule mwenye pua ya kunusa wali kutoka mtaa wa tatu. Alibisha, akazunguka, akaguna, akaondoka. "Stoo imefungwa, tunahesabu mali," Bwana Stoo alimnong'oneza mkewe, na mkewe akauma mto asicheke kwa sauti. Kwa kweli siku ile walifurahi kama watoto waliotoroka shule.

Siku ninayotaka kuisimulia kufuli lilikuwa mahali pake tangu asubuhi. Mama Watoto alifua, akaanika nguo kwenye kamba pembeni ya nyumba, akaingia ndani kwa nyuma. Mawingu yalikuwa yanajikusanya. Hodi ilipopigwa, walizima simu wakaenda kitandani, wamekwisha kuzoea. Kisha hodi ikapigwa tena, na mtu akasema, "Kaka? Shemeji?"

Alikuwa mdogo wake Bwana Stoo, fundi viatu, mtoto wa mwisho wa mama yao. Aliishi mji wa mbali na alikuja kwa nadra, na kila alipokuja alikaa uani akishona soli za viatu vyote vya nyumba ile kabla hajaulizwa. Mama Watoto aligeuka akamtazama mumewe. Bwana Stoo alinyanyuka nusu, akaketi tena. Alijiambia kwamba mtu amekuja bila taarifa, atabisha kidogo kisha ataondoka, na mwezi ujao atamwita kwa heshima zote. Leo hata sukari ya chai ya mgeni haimo. Kulikuwa na sukari yao wenyewe, lakini ile ni fungu la chakula. Naam, hivyo ndivyo alivyofikiri, na ndugu yake yuko hatua chache kutoka kitanda chake.

Fundi viatu hakuondoka. Walimsikia akiweka mzigo chini, akijaribu simu, akiguna kwamba haipatikani. Akaketi kwenye ngazi ya baraza. Baada ya muda sauti ya fundi cherehani ikasikika kutoka upande wa pili wa ua, ikimuuliza anamtafuta nani. Bwana Stoo alifumba macho. Mwanamke yule alimwona Mama Watoto akianika asubuhi ileile, walisalimiana.

"Nadhani wamesafiri, kaka yangu," alisema fundi cherehani. "Ila sina hakika."

Alidanganya kwa ajili yao, yeye ambaye mtaa mzima ulimwogopa kwa kusema ukweli. Bwana Stoo alihisi uso unamchoma. Jirani akaendelea kumwambia mgeni asikae na njaa mlango wa watu, akaenda, akarudi na chai na viazi, na kule chumbani wakasikia kijiko kikikoroga. Mdogo wake anakunywa chai ya jirani kwenye baraza lake, na yeye yumo ndani, ana sukari.

Wawili wale pale nje wakazungumza. Fundi viatu alikuwa mtu wa maneno machache, lakini chai ya mtu huilipii kwa kunyamaza, kwa hiyo akaeleza kilichomleta. Binti yake amepata mchumba. Watu wa upande wa kijana wanakuja Jumamosi.

"Nimekuja kumwomba kaka asimame," alisema. "Baba hayupo, na mimi sijui kuongea mbele ya watu. Yeye ndiye baba. Jambo kama hili humwambii mtu kwenye simu, lazima umfuate kwake."

"Atafurahi sana," jirani alisema, na sauti yake ilikuwa imeelekea dirishani.

Mama Watoto alimshika mumewe mkono. "Toka," alinong'ona.

"Nitoke nikaseme nini?"

"Sema ulilala. Sema unaumwa. Toka tu, Mzee."

Alitaka. Miguu ndiyo iliyokataa. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli kwa nje, kwa hiyo ingembidi apitie jikoni, azunguke nyumba, atokeze pembeni kama kuku aliyefukuzwa bustanini, mbele ya mdogo wake na mbele ya jirani mwenye birika. Kila dakika aliyokaa iliifanya ile inayofuata kuwa ngumu zaidi. Mwanzoni angeweza kusema hakusikia. Sasa alikuwa amesikia mpaka akiitwa baba. Akakaa, mikono juu ya magoti, mtu mzima na mvi zake, amejificha chumbani kwake mchana.

Matone ya kwanza yakapiga bati.

Mama Watoto alikumbuka nguo akaweka mkono mdomoni. Bwana Stoo alisogea dirishani akachungulia kwenye upenyo wa pazia. Alimwona mdogo wake akiinuka barazani, akikimbilia kwenye kamba, akianua nguo moja baada ya nyingine kabla mvua haijachanganya. Alianua shati la Bwana Stoo, kisha akasimama nalo. Lilikuwa bado linadondosha maji, na hayo hayakuwa ya mvua. Alilitazama shati, akalitazama kufuli. Nguo za watu waliosafiri hazidondoshi maji.

Akamaliza kuanua. Aliketi barazani akazikunja zote, kanga za shemeji yake, taulo lililokonda, na fulana ya ndani ya Bwana Stoo yenye matundu ambayo hakupenda hata mkewe aiangalie. Hiyo nayo aliikunja vizuri, akaipanga juu ya nyingine kwenye kiti. Alimrudishia jirani kikombe akamshukuru. Halafu akasimama mbele ya mlango uliofungwa na kusema hodi mara moja tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeingia kwa mgonjwa.

Hakuna aliyeitika. Akachukua mzigo wake akaondoka.

Ni hapo tu ndipo Bwana Stoo alipopata miguu. Alitoka kwa mlango wa jikoni na ndala mbili zisizofanana, akazunguka nyumba, akapita mbele ya fundi cherehani bila kumtazama. Mvua sasa ilikuwa imeamua. Alikimbia kwa namna wazee wanavyokimbia, zaidi kwa mabega kuliko kwa miguu, mpaka kituo cha basi, na mdogo wake alikuwa pale chini ya kibanda na watu wengine.

"Mdogo wangu."

Fundi viatu aligeuka. Hakushangaa.

"Nilikuwa ndani," alisema Bwana Stoo.

"Najua, kaka." Alimsogezea nafasi asilowe. "Nimekaa pale nikawa nafikiri nimekukosea nini. Nimetafuta kosa sikulipata. Niambie, nikuombe radhi."

Afadhali angemtukana. Kwa matusi Bwana Stoo alikuwa na majibu, alitukanwa dirishani miaka na miaka. Alifungua mdomo atafute ugonjwa, usingizi, chochote, lakini mwongo anahitaji pumzi na yeye hakuwa nayo.

"Hujanikosea," alisema. "Ni fungu la wageni. Lilikuwa limeisha."

Mdogo wake hakuelewa. Ikabidi aelezwe, palepale, watu wakisikia na wakijifanya hawasikii: daftari, mafungu, bakuli la unga lililomliza mkewe, kufuli, kitanda. Mambo ambayo mezani kwake jioni yalikuwa na akili tele, pale kituoni kila moja lilitoka mdomoni likimuaibisha. Alipofika kwenye kufuli alishusha sauti. Fundi viatu alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza.

"Kwa hiyo mimi umeniandika kwa wageni," alisema.

Ilikuwa kweli, Bwana Stoo alikuwa amemweka ndugu yake fungu moja na mgeni mwingine yeyote, na katika kupanga kwake kote hilo halikuwahi kumpitia kichwani. Alitazama ndala zake. Alitamani mvua izidi, watu wasione kama analia.

Basi lilikuja. Mdogo wake alimshika bega, na mkono wake ulikuwa wa upendo uleule wa siku zote, jambo ambalo ndilo lililouma.

"Njoo Jumamosi, kaka, wewe na shemeji. Msikose. Kusimama nitamwomba mjomba wa binti asimame." Alikanyaga ngazi ya basi. "Nyinyi tutawapa viti kwa wageni."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayepanga watu wake ili shughuli iende vizuri, na mlango ukafungwa.

Bwana Stoo alirudi nyumbani kwa miguu, hakukimbia tena. Mama Watoto alikuwa amekaa barazani, zile nguo zilizokunjwa ziko mapajani mwake, na fundi cherehani alikuwa ameingia ndani kwake akafunga hata dirisha, kwa heshima. Mama Watoto alimuuliza mumewe kama alimwahi. Akasema alimwahi.

"Amesemaje?"

"Amesema tufike Jumamosi."

"Utasimama?" aliuliza, na matumaini yalikuwa bado katika sauti yake.

"Hapana. Tutakaa na wageni."

Mama Watoto aliinamia zile nguo. Mumewe aliketi kando yake kwenye ngazi, palepale alipokuwa ameketi mdogo wake, na hakuna kati yao aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia ndani.